Pumzi Ndani ya Kaseti

Kundi la Ngolo Tatu halikuwa na meneja, halikuwa na gari, wala halikuwa na adui, na hilo la mwisho ndilo lililowashangaza watu wa Mbinga kuliko yote. Mwaka ule wa elfu mbili kila kijana aliyejua kuvaa suruali ya kuburuza chini alikuwa na kundi lake la kurap, na kila kundi lilikuwa na kundi jingine la kulitukana. Ngolo Tatu hawakumtukana mtu. Walighani juu ya kunawa mikono, juu ya binti kumaliza shule, juu ya baba kufika nyumbani na hela ya kahawa kabla haijaishia kilabuni. Jina alilitoa Joakim, mtoto wa Matiri, mrefu kama nguzo ya simu. Ngolo ni yale mashimo ambayo Wamatengo wanayachimba mlimani kushika maji ya mvua, udongo usikimbie. Joakim alidai shamba la kwao lina mwinamo mkali kiasi kwamba kuku akitaga asubuhi, yai wanakwenda kuliokota Mbamba Bay, chini ziwani, jioni.

Methodi, fundi redio wa sokoni, ndiye aliyepika biti. Kompyuta alikuwa ameiona mara moja tu, ofisini kwa mnunuzi binafsi wa kahawa, tena ilikuwa imefunikwa kitambaa. Yeye alikuwa na redio ya deki mbili, na kidole. Upande huu anacheza, upande huu anarekodi. Anasimamisha, anarudisha nyuma, anaachia tena, mpaka kipande kifupi cha ngoma kinazunguka wimbo mzima na hakuna anayesikia kilipoungwa. Juu ya ngoma aliweka gitaa la zamani la seminari, lenye nyuzi zilizosalia, na wazee waliocheza dansi ujanani wakawa wanasimama mbele ya kibanda chake, mikono nyuma, wanaambiana kwamba hawa watoto wanapiga jazi.

Lakini kilichowasimamisha hasa halikuwa gitaa. Lilikuwa lipenga.

Wa tatu katika kundi, ambaye habari hii ni yake, alikuwa Ottilia, binti wa Liuli, kando ya ziwa, aliyepanda Mbinga kujifunza cherehani akaishia kutunga mistari huku anapiga pindo. Baba yake, mzee Aidan, alikuwa mpiga lipenga wa mganda. Mganda ni ngoma ya wanaume wa ziwani, inachezwa kwa mistari kama gwaride, kaptula nyeupe na soksi ndefu, na malipenga yake ni vibuyu vyenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Ukiimba ndani yake sauti inatoka na mkwaruzo, kama tarumbeta lililofunikwa blanketi. Pasaka ya mwaka uliotangulia Methodi alishuka Liuli na redio begani, akamrekodi mzee uani kwake. Kipande kifupi tu. Mvua zilipoanza mzee akaugua, na kabla hazijakatika alikuwa ameshazikwa. Siku ya kuondoa matanga kaputeni wa mganda alilivunja lile lipenga juu ya kaburi, kama wanavyofanyiana wao, ili marehemu asiendelee kuja kila akisikia wenzake wanajipanga. Kaseti ya Pasaka Ottilia akampa mama yake iwe kumbukumbu. Methodi alikuwa ameshanakili alichokitaka.

Ndipo wakatoa wimbo wao, "Panda Tena":

*Mama kapanda kahawa, mnunuzi kapanda gari,*
*wote tumepanda, mbona hatulingani hali?*
*Dada beba daftari, sekondari si mbali,*
*ukiteleza chimba ngolo, panda tena, usijali.*

Kisha lipenga linajibu, kila baada ya mistari minne, kipande kile kile. Kaseti walizinakili wenyewe kibandani, wakaziuza mkononi, na haikupita muda kila basi lililotoka Mbinga lilikuwa nayo.

Siku moja Ottilia alikwenda stendi kupeleka furushi la sare za shule, akakuta konda wa basi la Songea ameufungulia wimbo mpaka vioo vinatetemeka. Alisimama kidogo ajisikie, na nani asingesimama. Lipenga likajibu. Likajibu tena. Baada ya lile la tatu akasikia mtu anavuta pumzi.

Aliangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Pumzi ile ilikuwa ndani ya spika, fupi, ya mtu aliyekimbia mlima na anatakiwa aendelee kukimbia, na Ottilia aliijua. Ndivyo baba yake alivyokuwa anavuta hewa kwa pembe ya mdomo, kabla ya kupeleka kibuyu usoni.

Alikwenda moja kwa moja kibandani. Methodi akamsikiliza, akacheka, akasema hilo ni vumbi la vichwa vya redio, akasafisha vichwa kwa pamba na spiriti. Wakacheza kaseti nyingine, mpya kabisa. Pumzi ilikuwepo. Methodi akasema basi utepe umekunjika. Wakacheza ya tatu. Ilikuwepo, na sasa ilikuja baada ya lipenga la pili, kama mtu ambaye anachoka mapema zaidi kuliko jana.

"Kwenye kurekodi haikuwepo," Methodi alisema taratibu. "Mimi niliikata. Nilimkata pale pale alipomaliza kupuliza, nisije nikaingiza kelele za kuku wa mama yako."

Wiki ile betri zikamwishia. Kila anayejua redio anajua zinavyokufa: sauti inazama, mwimbaji anageuka jitu, wimbo unalala. Sauti ya Ottilia ikazama, ya Joakim ikazama, ngoma ikawa inaburuza miguu. Lipenga halikuzama. Liliendelea na mwendo wake ule ule, peke yake, limewatangulia wote, mpaka taa nyekundu ya redio ilipozimika, na hata hapo likamalizia kipande chake ndipo likanyamaza. Methodi aliitoa kaseti kwa ncha za vidole kama anayetoa mwiba, akaiweka mezani, akaenda kunywa chai kwenye kibanda cha mbali.

Kwa Joakim ilikuwa habari njema. Jamaa mmoja wa redio kutoka Dar es Salaam, aliyekuja Mbinga kumzika shangazi yake, alikuwa ameusikia wimbo kwenye basi na kuagiza apelekewe kaseti safi. Aliwaambia kwamba waghani wazuri wako tele, lakini hilo dude linalolia halipo mahali pengine nchini. Joakim akawa analala na viatu, tayari kwa safari.

"Kwa hiyo mzee yuko kundini," alisema. "Kuna kundi gani jingine lenye marehemu? Tubadilishe jina tu, tuwe Ngolo Nne."

"Ni baba yangu, Joakim."

"Najua, dada. Ndiyo maana nasema kwa heshima."

Jumapili moja walialikwa Matiri, ukumbi wa parokia, mchana baada ya misa ya pili. Jenereta lilikuwa nje linakohoa. Watu walijaa, akina mama na watoto migongoni, na wazee wa dansi mstari wa mbele. Walipofika "Panda Tena" lipenga lilijibu, na wazee wale, mmoja mmoja, wakainuka kwenye mabenchi wakasimama wima, mikono imebana mapajani, na baadaye hakuna aliyeweza kueleza kwa nini aliinuka. Kisha jenereta likazima. Spika zikafa. Ottilia akamwona Methodi, kwa hofu tu, anaichomoa kaseti kwenye redio na kuishika juu. Ukumbi mzima ulimwona. Na ukumbi mzima ukaendelea kulisikia lipenga linapiga kipande chake, linavuta pumzi, linapiga, linavuta pumzi, na kila pumzi ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, yenye mluzi ndani yake kama kifua cha mgonjwa.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni ufundi. Mbuzi waliofungwa nje kwa ajili ya mnada wa parokia walikuwa wamegeuka wote, wameupa ukumbi migongo.

Ottilia alishuka jukwaani akamwambia Joakim kwamba kaseti haiendi Dar mpaka ajue baba yake anataka nini. Joakim akamwambia marehemu hawataki kitu, wanaotaka ni walio hai, na jamaa wa redio hatasubiri mpaka mahindi yakauke. Waliachana bila kuagana. Kesho yake Ottilia akapanda lori la kushuka ziwani.

Liuli ilikuwa na jua la kuchoma, na kwa mbali juu ya maji wadudu wa ziwani walikuwa wamenyanyuka kama moshi wa kijiji kinachoungua. Alimkuta mama yake, Asteria, anaanika dagaa kwenye chanja, amevaa kitenge cha kutokea, nywele zimesukwa upya. Ottilia akashtuka. Alimwacha mwanamke wa matanga, amekuta mwanamke anayetarajia mgeni.

Waliamkiana, wakaulizana habari za huko na za hapa. Ottilia alipotaka kuingia ndani, mama yake akamshika mkono.

"Pita pembeni. Usimkanyage."

Ndani, mbele kidogo ya mlango, palikuwa na kigoda na kikombe cha maji, na kando yake redio ndogo yenye ile kaseti ya Pasaka. Sakafu ilikuwa imesiribwa, udongo bado mbichi, nyororo kama uso wa mtoto. Katikati yake palikuwa na nyayo mbili. Hazikuja kutoka mlangoni wala hazikwenda popote. Zilikuwa mbili tu, visigino vimegusana, vidole vimeachana, kama za askari aliyeambiwa asimame akasimama.

Mama alieleza huku anafukuza kuku, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Tangu nyimbo zao zianze kupigwa kwenye magari, baba anakuja. Anakuja mchana, jua likiwa utosini. Yeye hamwoni, anamsikia anavyohema. Kila siku anasiriba sakafu upya, na kila siku nyayo zinarudi pale pale. Kamwekea kigoda, hakai. Kamwekea maji, hanywi. Ila yupo.

"Mama, amesimama," Ottilia alisema.

"Si bora amesimama hapa kuliko amelala kule?"

Jua lilikuwa linapanda. Wakakaa mkekani, mama na mwana, mama akabonyeza kaseti ya Pasaka, na lipenga likasikika uani na chumbani na mahali pengine katikati. Kisha likakatika kwa ghafla, pale Methodi alipozima siku ile. Kimya. Katika kimya kile Ottilia alisikia pumzi ikivutwa karibu na sikio lake, ya moto, yenye harufu ya tumbaku ya baba yake. Udongo mbichi ukadidimia kidogo chini ya miguu isiyokuwepo. Mama yake alikuwa anatabasamu, amefumba macho.

Ottilia alitoka akaenda kwa babu Bernadi, kaputeni wa mganda, mzee ambaye hata shambani alikuwa anapalilia kwa kufuata mstari. Alimwamkia shikamoo, akapewa mahali pa kukaa, akaeleza yote bila kuruka. Bernadi hakushangaa. Alichouliza ni kimoja: huyo fundi alipomrekodi Aidan, nani alifunga wimbo?

Hakuna aliyefunga, Ottilia alisema. Methodi alitaka kipande tu.

Bernadi akaeleza kwa upole, kama anamfundisha mtoto, kwamba kwenye mganda mpiga lipenga akishaanza hatoki mstarini mpaka wimbo ufungwe na kaputeni amwachie. Hapangusi jasho, hafukuzi nzi, hata nyumba yake ikiungua. Aidan aliwahi kung'atwa na siafu kutoka kifundoni mpaka kwapani katikati ya wimbo na hakutikisa soksi. Mtu wa namna hiyo amepigishwa kipande kimoja, kisha akazimwa kabla hajamaliza. Na sasa kila gari linalopita linampigisha tena.

"Lipenga tulilivunja," alisema. "Hatukujua kuna jingine limebaki kwenye redio. Huyo mzee hajaja kumtembelea mama yako, mjukuu wangu. Anangoja ruhusa."

Njia ilikuwa moja. Kaseti zote zile za kwenye mabasi zilizaliwa na ile ya Pasaka. Wimbo ungefungwa pale pale ulipokatikia, kwenye utepe ule ule, na wale wale wa mstari wake, waliosalia. Bernadi alisema hajui kitakachobaki baada ya hapo. Mtu akiruhusiwa huondoka na vyake.

Ottilia alirudi nyumbani polepole. Alilielewa lile neno la mwisho. Picha ya baba yake haikuwepo hata moja. Ile ya kitambulisho ililiwa na mchwa. Kibuyu kilivunjwa. Kilichobaki duniani chenye baba ndani yake kilikuwa kile kipande, na yeye ndiye angekwenda kukifuta, na mama yake angebaki na kigoda.

Mama alikataa. Hakupaza sauti. Alisema wanaume wa mganda walimchukua mume wake Jumapili zote za ujana wake, wasije kumchukua na sasa. Alisema Ottilia ana Mbinga yake, ana wenzake, ana cherehani. Yeye ana nini baada ya dagaa kukauka? Ottilia aliyapokea yote, kwa sababu yalikuwa kweli. Akabaki anaangalia zile nyayo, kwa kukosa pa kuangalia.

"Mama," alisema, "ulio upande wa kulia umezama zaidi."

"Udongo hapo laini."

"Umesiriba mwenyewe. Ni sawa kote."

Asteria akasogea, akainama. Unyayo wa kulia ulikuwa umezama karibu kina cha kidole. Wa kushoto uligusa tu. Mzee Aidan alikuwa na goti bovu la kushoto tangu alipobanwa na mtumbwi, na kila wimbo wa mganda ulipokwisha alikuwa anafika nyumbani ananing'inia kwa mke wake, na mke wake anamkanda kwa maji ya moto na chumvi huku anamsema.

Mama alipeleka mkono juu ya unyayo ule wa kushoto, hakuugusa.

"Miezi yote hii," alisema. "Na mimi nampigia redio."

Wanaume wa mganda walikuja kesho yake mchana. Hawakuwa wengi. Kaptula nyeupe zilikuwa zimewabana matumboni, soksi zimetoboka, mmoja alikuwa na fimbo, mwingine hana meno ya kushikia kibuyu sawasawa. Walijipanga uani bila kuambiwa, wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Ottilia alikaa chini na redio mapajani. Kazi ile ilikuwa ya Methodi, mwenye kidole kinachosikia. Sasa ilikuwa ya kidole chake. Akaachia utepe. Lipenga la baba yake likalia, kipande kile cha siku zote, na mara tu kilipofika ukingoni akabonyeza kurekodi.

Ngoma kubwa ikaingia. Malipenga yaliyobaki yakauchukua wimbo pale ulipodondoshwa, yakauinua, yakaupeleka mbele, mahali ambapo Ottilia hakuwahi kujua kuwa wimbo ule unafika. Ulikuwa mzuri kuliko kile kipande. Ulikuwa na kona, una kicheko katikati, una mahali unapokuwa kama unalia halafu unaghairi. Ndani ya nyumba palikuwa na lipenga moja zaidi, na wote waliokuwa uani walilisikia, na hakuna aliyegeuza shingo. Bernadi akanyanyua mgwisho wake. Ngoma ikapiga mara ya mwisho.

"Aidan," Bernadi alisema, kwa sauti ya kawaida tu. "Toka mstarini."

Ndani, kigoda kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito. Pumzi ikatoka, ndefu, ya kushusha mzigo. Kigoda kikalia tena. Ziwa likasikika.

Wanaume walipoondoka, Asteria aliomba kaseti ichezwe. Ottilia akairudisha nyuma. Walisikia uani kwao siku ya Pasaka: jogoo, kikohozi cha Methodi, sauti ya Asteria mwenyewe akiuliza kama mgeni anakula samaki wa kukaanga au wa mchuzi. Kisha pale pa lipenga palikuwa na upepo wa uani tu. Ottilia akatoa mfukoni kaseti ya Ngolo Tatu, akaiweka. Ngoma ilikuwepo, gitaa lilikuwepo, mistari minne ilikuwepo. Baada yake patupu. Mistari minne. Patupu.

"Rudisha," mama alisema.

Alirudisha. Ilikuwa vile vile. Mama akainuka, akachukua maji ya kile kikombe akayamwaga nje, akaenda kuwageuza dagaa wake. Hakusema na binti yake jioni ile, wala asubuhi. Ottilia alijua atakachokikuta Mbinga: Joakim atauliza lipenga liko wapi, jamaa wa Dar atasema bila hilo dude wao ni kama wengine, na Methodi ataanza kutafuta kibuyu kingine, mpiga mwingine, alizibe lile pengo.

Lori lilipopiga honi, Asteria alikuja mpaka barabarani na dagaa wamefungwa kwenye khanga. Aliwaweka mikononi mwa binti yake, akazirekebisha ncha za khanga zisifunguke njiani.

"Hapo palipobaki wazi," alisema, "mkighani pitieni kimya. Msimweke mtu."